Bia iliyolala kwenye mrija: kuipata baa nzuri katika mji usioujua

Swali: "Kazi yangu hunipeleka kwenye miji nisiyoijua mara nne au tano kwa mwaka, na kila safari hubakiwa na jioni mbili tu za kwangu. Napenda bia za viwanda vidogo. Safari iliyopita nilitafuta kwenye simu 'baa bora ya bia za krafti', nikaenda kwenye iliyokuwa na nyota nyingi na mabomba 40 ukutani. Niliagiza IPA, ile bia chungu yenye manukato mengi, ambayo huwa nainywa ya kopo na naipenda sana. Niliyopewa ilinukia siagi, na kwa mbali siki. Niliona haya kuirudisha. Nikajaribu nyingine mbili, nazo zikawa na usiagi ule ule, na usiku tumbo likavurugika. Je, mirija michafu inayoleta bia kutoka kwenye pipa hadi bombani ndiyo iliyoniumiza? Nitaitambuaje baa nzuri mapema, nisipoteze jioni zangu mbili? Au nibaki tu na makopo?"

Umeuliza maswali matatu kwa pamoja. Nitaanza na tumbo, kisha ile siagi, halafu namna ya kutafuta. Hilo la mwisho ndilo refu, lakini halitaeleweka vizuri kabla ya la pili.

Ni vigumu sana mirija michafu kuwa ndiyo iliyokuumiza tumbo. Bia ya kawaida ni makazi mabaya kwa vijidudu vya magonjwa. Ina uchachu wa pH 4 hadi 4.5, ina kilevi, ina asidi za hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na manukato) zinazozuia bakteria wengi, imejaa kaboni dayoksaidi, na sukari nyingi iliyokuwamo imekwisha kuliwa na hamira. Wanaostahimili maisha hayo ni wachache: bakteria kama Lactobacillus na Pediococcus, pamoja na hamira za mwituni. Hao huiharibu bia, lakini hawamdhuru mnywaji. Bia isiyo na kilevi ni habari nyingine. Imepoteza moja ya kinga zake na mara nyingi imebaki na sukari, kwa hiyo hiyo ni afadhali uinywe ya kopo au chupa kuliko ya bomba.

Kinachoelekea zaidi ni kwamba ulikunywa IPA tatu zenye nguvu, gesi nyingi, na hamira iliyobaki ndani ya bia isiyochujwa, ukiwa umechoka na safari na pengine hujala vya kutosha. Kilevi peke yake huuchokoza utando wa tumbo. Mvurugiko ukiisha ndani ya siku moja, usiufikirie tena. Ila ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, homa, au kuharisha kunakopita siku mbili, usitafute majibu kwenye simu, nenda hospitali.

Mirija ina hatari moja ya kweli, ingawa ni nadra, nayo ni dawa ya kusafishia ambayo haikusuuzwa. Dawa hiyo ni alkali kali. Utaitambua kwa utelezi kama wa sabuni mdomoni na mwasho wa kuunguza, pale pale kwenye funda la kwanza. Tema, suuza kinywa kwa maji mengi, usijitapishe, mwambie mhudumu alifunge bomba hilo, kisha ukaonwe na daktari wakati huo huo, hata kama mwasho umepungua.

Sasa siagi. Harufu hiyo ni ya kitu kinachoitwa dayasetili. Hutokea kila bia inapochachuka, na hamira ikiachwa siku chache za ziada huifyonza yenyewe ikaisha. Mpika bia mwenye haraka akiitenga bia na hamira mapema, siagi hubaki. Hilo ni kosa la kiwandani. Lakini Pediococcus waliojijengea utando ndani ya mrija mchafu nao huzalisha dayasetili, na wakiandamana na bakteria wa siki, ambao hupenda hewa iliyopo kwenye mdomo wa bomba, unapata kile ulichopewa: siagi kwanza, siki kwa nyuma. IPA hiyo unaijua ya kopo kwamba haina siagi, na bia nyingine mbili za viwanda tofauti zilikuwa na kasoro ile ile. Bia moja mbovu inaweza kuwa kosa la aliyeipika. Bia tatu zenye kasoro moja chini ya paa moja ni kosa la mwenye paa.

Baa makini huisafisha mirija yake kila baada ya siku 14. Dawa ya alkali yenye nguvu ya asilimia 2 hivi huzungushwa kwa pampu si chini ya dakika 15, kisha maji hupitishwa mpaka dawa yote itoke. Midomo ya mabomba hufunguliwa na kusuguliwa kwa brashi. Kila baada ya miezi 3 hupitishwa asidi, kwa sababu alkali haiwezi kuondoa "mawe ya bia", yaani ile chumvi ya kalisiamu inayoganda ndani ya mrija na kuwapa bakteria pa kujishikiza. Fikiria kazi hiyo mara 40. Kila mrija ukisafishwa, bia iliyokuwamo humwagwa, na mwenye baa huhesabu hasara hiyo kwa lita. Ndiyo maana wapo wanaoiahirisha wiki hii, na ijayo, na ile inayofuata.

Hapa ndipo lilipo kosa kubwa katika ulivyotafuta. Uliamini kwamba mabomba mengi ni dalili ya ubora. Tupige hesabu. Pipa la lita 30 hutoa glasi 75 za mililita 400, ukiacha povu linalomwagika. Tuseme baa inauza glasi 200 kwa usiku. Ikiwa na mabomba 8, kila bomba linatoa wastani wa glasi 25, na pipa linakwisha kwa siku 3. Ikiwa na mabomba 40, kila bomba linatoa glasi 5, na pipa hilo hilo linakaa siku 15. Na wastani unaficha mambo, maana laga nyepesi itakwisha mapema, ilhali ile stauti, bia nyeusi nzito, ya asilimia 11 iliyo pembeni kabisa inaweza kumaliza mwezi. Pipa lililofungwa vizuri na kukaa kwenye ubaridi haliozi kwa siku 15. Bia za hopsi nyingi, hata hivyo, hupoteza manukato yake kila wiki, na muda wote huo bia iliyo ndani ya mrija inakaa ikingoja mteja.

Mrija wenye upana wa ndani wa milimita 10 hubeba takriban mililita 78 kwa kila mita. Kutoka chumba cha baridi hadi kaunta zikiwa mita 10, hiyo ni mililita 780, karibu glasi mbili nzima. Baa ikifunguliwa alasiri bila kumwaga bia iliyolala humo, mteja wa kwanza na wa pili wa bomba hilo ndio watakaoinywa. Kwa hiyo idadi ya mabomba haina maana mpaka uigawe kwa idadi ya wanywaji. Mabomba 40 kwenye ukumbi uliofurika watu 300 ni jambo jema. Mabomba 40 na watu 11 ni makumbusho.

Kwa bia ya Kiingereza inayomalizia kuchachuka ndani ya pipa lake na kuvutwa kwa pampu ya mkono, kanuni hii ni kali zaidi. Pipa hilo halisukumwi kwa gesi. Kila glasi inayotoka, hewa huingia kuchukua nafasi yake, na kuanzia siku ya 3 hivi bia huanza kupoteza ladha na kuelekea kwenye siki. Pipa la kawaida la aina hiyo lina lita 41, ambazo ni painti 72 za Kiingereza. Ukiingia kwenye baa yenye pampu 6 za mkono na wateja 4, jiulize nani atazimaliza painti hizo 432 kwa wakati. Huko Uingereza ipo alama ya Cask Marque ambayo baa huipata baada ya wakaguzi kuipima bia yake kwa joto, mwonekano, harufu na ladha. Wanachama wa CAMRA, chama cha wanywaji kilichoanzishwa mwaka 1971, nao huzipa alama baa kwa hali ya bia wanayoikuta ndani ya glasi. Vipimo hivyo viwili vina thamani kuliko nyota za ramani, kwa sababu vinapima bia iliyopo mbele ya mtu.

Maana nyota za ramani zinapima kila kitu. Anayetoa nyota tano huenda alifurahia muziki, viti, au tabasamu la mhudumu. Programu ya Untappd, iliyoanza mwaka 2010, ina manufaa zaidi kwa sababu wanaoandika humo wanataja bia yenyewe, lakini nayo ina upendeleo wake: bia kali, tamu na zenye hopsi nyingi hupewa alama kubwa kuliko laga safi. Pilsna, ambayo ni aina ya laga, yenye alama 3.6 inaweza kuwa imepikwa kwa ustadi kuliko stauti ya vanila yenye 4.2. Linganisha pilsna na pilsna, stauti na stauti. Na ikiwa orodha ya baa fulani imewekwa humo, tazama kwanza ilisasishwa lini. Orodha ya miezi miwili iliyopita inakueleza tu kwamba hakuna anayeishughulikia.

Kutafuta kwenyewe nakushauri uanzie kwa viwanda, kisha ushuke kwenye baa. Siku tano kabla ya safari, fungua ramani ya mji unaokwenda na uandike neno "kiwanda cha bia" kwa lugha ya huko: Brauerei kwa Kijerumani, pivovar kwa Kicheki, brasserie kwa Kifaransa, birrificio kwa Kiitaliano, cervecería kwa Kihispania. (Brasserie na cervecería pia ni majina ya mikahawa na baa, kwa hiyo hakikisha kuna mitambo kwenye picha.) Chagua viwanda vitatu vidogo. Vingi huwa na ukurasa unaotaja baa zinazouza bia zao. Zisome orodha hizo tatu pamoja. Baa inayojitokeza kwenye mbili au tatu kati yake imechaguliwa na watu wanaojua bia yao inavyotunzwa, na mpika bia hapendi jina lake liharibiwe na mrija wa mtu mwingine.

Kisha zitazame picha za baa hizo, mpya kwanza. Usiangalie mapambo. Angalia glasi zilizonywewa nusu: kama zimeachwa na pete za povu kwa ndani, pete moja kwa kila funda, glasi hizo ni safi. Angalia ubao wa bia. Ubao mzuri unataja jina la kiwanda, aina ya bia, asilimia ya kilevi na ukubwa wa glasi, na picha za wiki mbili tofauti zinaonyesha bia tofauti. Ubao unaoandika "IPA" peke yake, bila kusema ya nani, umeandikwa na mtu asiyejali au anayeficha. Kagua pia saa za kufungua kwa kupiga simu au kusoma ukurasa wao wa siku hizo, maana kumbi za viwanda vidogo mara nyingi hufungwa mwanzoni mwa wiki, na wengi wamejikuta mbele ya mlango wa chuma Jumatatu usiku.

Suala la nani anamiliki kiwanda nalo huwasumbua wengi. Goose Island ya Chicago ilinunuliwa na kampuni kubwa ya bia ya Anheuser-Busch mwaka 2011, na Camden Town ya London ikanunuliwa na AB InBev, kampuni mama yake, mwaka 2015, huku majina yakibaki yale yale. Nchini Marekani, mwaka 2017 ilianzishwa nembo ya viwanda huru, chupa iliyopinduliwa kichwa chini. Kama unajali fedha yako iende kwa mdogo, nembo hiyo itakusaidia. Kuhusu ladha haikuambii lolote.

Muhimu zaidi ni kujua mji unasifika kwa nini. Plzeň, Ucheki, ndiko pilsna ilikozaliwa mwaka 1842, na laga ya huko ikiwa freshi haina mpinzani. Bamberg, Ujerumani, hupika bia kwa kimea kilichokaushwa kwa moshi wa kuni. Brussels na vitongoji vyake wana lambiki, bia inayochachushwa na hamira zinazoingia zenyewe kutoka hewani, kisha ikalazwa kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja hadi mitatu. Köln, Ujerumani pia, wana Kölsch, nyepesi na laini, katika glasi ya mililita 200 inayobadilishwa kabla haijapata joto. Kutafuta IPA ya hopsi za Marekani ukiwa Köln ni kama kwenda pwani ukaulizia samaki wa kopo. Lakini ukienda kwenye miji hiyo lazima ulimi wako ubadilike: uchachu wa lambiki si uharibifu, moshi wa Bamberg si ajali, na ndizi na karafuu kwenye bia ya ngano ya Bavaria zinatokana na hamira yake, hakuna aliyezitia. Hata usiagi mdogo unakubalika katika baadhi ya laga za Kicheki. Kwenye IPA yako haukubaliki.

Je, uende kiwandani au baa? Ukumbi wa kiwanda chenyewe ndiko utakakopata bia iliyosafiri mita chache tu, na anayekuhudumia huenda anamjua aliyeipika. Hasara yake ni kwamba utakunywa mkono wa mpishi mmoja jioni nzima, na viwanda vingi viko pembezoni penye maghala, ambako kupata usafiri saa nne usiku ni kazi. Baa ya mabomba 8 hadi 16 iliyo katikati ya mji hukupa viwanda sita kwa mkupuo, ila unategemea uaminifu wa mwenye baa. Duka la chupa na makopo lenye majokofu ni mkombozi pale mji unapokuwa hauna baa ya kuaminika. Ukiwa na jioni mbili, ya kwanza itumie kwenye baa ya mchanganyiko. Uonje, uulize. Ya pili uende kwenye kiwanda ambacho bia yake ilikukaa zaidi ile jana.

Ukishaingia, jipe dakika tatu kabla ya kuagiza. Vuta pumzi: harufu ya siki au mfereji karibu na kaunta inatoka kwenye midomo ya mabomba na trei za chini yake. Mtazame mhudumu anavyomimina. Mdomo wa bomba haupaswi kuzama ndani ya bia, kwa sababu bia ikikaukia pale hugeuka shamba la bakteria. Vipovu vikigandamana kwenye kuta za ndani za glasi chini ya usawa wa povu, glasi ina mafuta au sabuni. Usiogope povu lenyewe. Sentimita 2 hadi 3 za povu zito hushikilia harufu na kutoa gesi ambayo ingeishia tumboni mwako, jambo ambalo wewe hasa una sababu ya kulithamini. Glasi nyingi za Ulaya zina mstari wa kipimo. Bia ikifika kwenye mstari, povu la juu yake si wizi.

Kisha uliza swali hili: "Ni pipa gani limefunguliwa leo au jana?" Mhudumu anayejua atakujibu bila kufikiri, au atageuka kumwuliza mwenzake. Anayejibu "zote ni freshi" amekwisha kukujibu. Omba kionjo cha mililita 30 hadi 50. Ukiagiza ubao wa vionjo, anza na iliyo nyepesi, malizia na kali, na chungu isitangulie laini, maana uchungu wa hopsi hukaa ulimini na kuifanya laga ionekane maji.

Ubaridi nao una udanganyifu wake. Laga hupendeza kati ya nyuzi 4 na 7, IPA 7 hadi 10, stauti nzito na bia ya pampu ya mkono 11 hadi 13. Glasi iliyogandishwa kwenye friza huutia ganzi ulimi na kuficha kasoro zote. Wenye bia mbovu wanalijua hilo. Kama bia imekuja baridi mno, ikumbatie glasi kwa viganja dakika tano, kisha uonje tena. Siagi hujitokeza bia inapopata joto.

Kuhusu kurudisha: ilikuwa haki yako. Fanya baada ya funda moja au mawili, kwa sababu glasi iliyofika nusu haina hoja. Usiseme "bia hii mbovu". Sema, "Naomba uionje hii, naisikia siagi na siki, na hii bia naijua." Baa nzuri itaionja au kuinusa mbele yako na kukubadilishia bila mjadala, na huenda ikalifunga bomba. Baa ikikwambia ndivyo ilivyo wakati umeshaijua ya kopo, lipa, uondoke. Tofautisha tu kasoro na kutopenda: ukiagiza lambiki ukakuta chachu, hiyo ni yako.

Na kabla hujaondoka kwenye baa iliyokufurahisha, mwulize mhudumu: "Ukitoka kazini leo, unakwenda kunywa wapi?" Sikumaanisha umwulize baa gani ni nzuri, hapo atakutajia zile zinazotajwa kwa wageni wote. Mwulize anakokwenda yeye. Jibu lake litakuokolea jioni ya pili kuliko saa nzima ya kupekua simu.

Sasa makopo. Hapana, usibaki nayo peke yake, lakini usiyadharau pia. Kopo halipitishi mwanga hata kidogo. Chupa ya kijani au nyeupe hupitisha, na mwanga ukigusa viungo vya hopsi huzaa harufu ya kicheche ndani ya muda mfupi. Chupa ya kahawia hukinga vizuri ingawa si kikamilifu. Pindua kopo usome tarehe chini yake. Tarehe ya kufungwa ina manufaa kuliko ya mwisho wa matumizi, kwani hii ya pili kila kiwanda hujipangia. IPA ichukue ikiwa chini ya miezi 3 na imekaa kwenye jokofu muda wote. Ikipitwa na wakati hupoteza maua na matunda, ikabaki na utamu wa kimea, kisha ladha ya karatasi iliyolowa. Stauti nzito na lambiki hukaa miaka.

Neno kuhusu kiasi, kwa sababu bia za viwanda vidogo hudanganya. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi halisi. Ubao wa vionjo vinne vya mililita 150, vikiwa na wastani wa asilimia 7, una gramu 33, ingawa vinaonekana kama glasi za kuchezea. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na kahawa, maji au kuoga havizidishi kasi hiyo. Kula kwanza, weka glasi ya maji kati ya bia na bia, na panga usafiri wa kurudi kabla ya glasi ya kwanza.

Kama unatumia metronidazole, dawa za usingizi, za kupunguza sukari au za kuzuia damu kuganda, zungumza na mfamasia au daktari uso kwa uso kabla ya safari. Fanya hivyo pia kama una jongo, kwa kuwa bia huliamsha, au kama mwili wako haupokei gluteni ya shayiri na ngano. Na ikiwa mikono hutetemeka au jasho hukutoka asubuhi usipokunywa, usiache ghafla peke yako. Kuacha kwa ghafla katika hali hiyo ni hatari na kunahitaji uangalizi wa daktari.

Ukitaka kurudi na chochote nyumbani, bia haina kikomo cha usalama kwenye mzigo wa chini ya ndege kwa kuwa ipo chini ya asilimia 24 za kilevi, lakini forodha ya nchi unayoingia ina kikomo chake, na zipo zinazokataza kabisa. Soma kabla ya kununua. Kila kopo liingize kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, ulizungushie soksi, uliweke katikati ya nguo. Chupa kubwa inayojazwa bombani usiisafirishe. Huvuja gesi, inaweza kupasuka, na hata ikifika salama bia yake ni ya kunywewa ndani ya siku mbili tatu, na ikishafunguliwa, usiku huo huo.